Kisiwa cha Kunta Kinteh na wale wawili tusiowajua majina

WIKI kadhaa zilizopita, baada ya darasa la Maghrib, kijana mmoja alinifuata nje ya msikiti akiwa na simu mkononi. Alikuwa akitazama picha za kisiwa kidogo kilichomo katikati ya mto Gambia, kule Afrika Magharibi: magofu ya ngome, mizinga iliyoliwa na kutu, na mibuyu iliyosimama kama walinzi waliosahauliwa zamuni. "Ustadh," akaniambia, "hapa ndipo alipopitishwa Kunta Kinte. Na Kunta Kinte alikuwa Muislamu. Mbona haya hatufundishwi?"

Swali lake lilinifurahisha. Sisi wa umri wangu Kunta Kinte tulimjua kwa mikanda ya video, tukijazana sebuleni kwa jirani mwenye deki, na kina mama wakijifuta machozi kwa ncha za kanga. Nikamwahidi yule kijana kwamba nitaliandikia jambo hili. Nilidhani itakuwa kazi nyepesi: nieleze ukatili wa wazungu, nitaje Waislamu waliosafirishwa kwa minyororo, nimalize. Lakini nilipoanza kusoma nikakuta kwamba kisiwa kile kinatuuliza sisi Waislamu swali ambalo tumezoea kuwauliza wengine. Najua wapo watakaokasirika. Nawaomba wasome hadi mwisho ndipo wakasirike.

Tuanze na kisiwa chenyewe. Mwaka 1651 watu wa mtawala wa Courland, nchi ndogo ya pwani ya Baltiki ambayo leo imo ndani ya Latvia, walijenga ngome juu yake. Hata watoto wa shule za Ulaya wengi hawajui kwamba Courland iliwahi kuwa na makoloni. Mwaka 1661 Waingereza wakakiteka na kukiita James Island, kwa jina la ndugu yake mfalme wao. Kuanzia hapo kikawa kituo cha biashara cha Waingereza ndani ya mto: bohari, nyumba za mawakala, askari, na vyumba vya kuwekea watu waliokuwa wakisubiri meli. Biashara ilikuwa ya dhahabu, pembe za ndovu, nta, na zaidi na zaidi ikawa ya binadamu. Upande wa kaskazini wa mto, pale Albreda, Wafaransa nao walikuwa na kituo chao tangu 1681, na mataifa hayo mawili yakawa yakipigana na kunyang'anyana mto miaka nenda miaka rudi. Mwaka 1779 Wafaransa waliibomoa ngome, nayo haikujengwa tena kama ilivyokuwa.

Ajabu ya mambo, Waingereza hao hao walipopiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, walirudi kwenye mto ule ule kuweka mizinga ya kuwazuia wengine wasisafirishe watumwa. Mizinga ya Banjul iliwekwa mwaka 1816, na ng'ambo yake, kwenye mdomo wa mto, ikajengwa ngome ya Bullen mwaka 1826. Mwaka 2003 UNESCO ikayaweka maeneo hayo yote, kisiwa, Albreda, Juffureh na mizinga ya mdomoni mwa mto, katika orodha ya urithi wa dunia. Kwa hiyo urithi huo una ngome ya kuuzia watu na ngome ya kuzuia wasiuzwe, na zote mbili zilikuwa mikononi mwa Waingereza. Tarehe 6 Februari 2011 serikali ya Gambia ikakibadilisha kisiwa jina, kikaitwa Kunta Kinteh.

Jina hilo linatoka katika kitabu cha Mmarekani mweusi Alex Haley, kilichotoka mwaka 1976 na kufanywa filamu ya televisheni mwaka 1977. Haley alieleza kwamba babu yake alikamatwa karibu na kijiji cha Juffureh, akapakiwa katika meli iitwayo Lord Ligonier, akateremshwa Annapolis, Maryland, mwaka 1767. Meli hiyo ilikuwepo kweli. Lakini watafiti waliofuatilia nyayo za Haley, Gambia na Marekani kwenyewe, hawakuweza kuithibitisha nasaba aliyoieleza, na simulizi aliyopewa na yule mzee wa Juffureh wakaiona si ya kutegemewa. Hilo haliondoi ukweli wa mamilioni. Wanahistoria wanakadiria kwamba Waafrika zaidi ya milioni 12 walipakiwa kuvushwa bahari ya Atlantiki, na wengi miongoni mwao walikuwa watu wa kaumu za Kiislamu za Senegal na Gambia. Ikiwa Kunta Kinte wa Haley hathibitiki, wapo wengine ambao habari zao zimeandikwa na watu waliowaona kwa macho.

Mmoja wao ndiye ninayetaka tumzungumze. Jina lake Ayuba Suleiman Diallo. Waingereza walimwita Job ben Solomon.

Ayuba alizaliwa karibu mwaka 1701 katika nchi ya Bundu, ambayo leo imo Senegal. Alikuwa Mfulani, mtoto wa mwanachuoni, naye mwenyewe amehifadhi Qur'ani. Mapema mwaka 1731 aliteremka hadi mto Gambia. Akiwa kule akavamiwa na watu wa Kimandinka, saba au wanane, katika nyumba ya rafiki yake alipopumzika. Silaha zake alikuwa amezitundika kwa sababu ya joto. Wakamfunga, wakamnyoa kichwa na ndevu ili aonekane ni mateka wa vita, wakamuuza kwa nahodha Mwingereza aitwaye Pike. Ayuba akamwomba nahodha ampe nafasi ya kupeleka habari kwa baba yake ili akombolewe, akakubaliwa, lakini Bundu ni mbali na meli haikungoja.

Akateremshwa Annapolis, mji ule ule anaotajwa kuteremshwa Kunta Kinte. Akauzwa kwa mkulima wa tumbaku. Kazi ya tumbaku ikamshinda, akapewa ng'ombe kuchunga, naye akawa anajitenga msituni kusali. Kijana mmoja wa kizungu akawa anamfuata na kumdhihaki, akimrushia mchanga usoni akiwa katika sala. Wallahi, niliposoma hapo niliweka kitabu chini. Akatoroka, akakamatwa, akatiwa jela. Huko ndiko alikokutana na Thomas Bluett, ambaye baadaye, mwaka 1734, alichapisha habari zake. Hawakuelewana lugha. Walipompa glasi ya mvinyo akaikataa, na katika maneno yake wakasikia "Allah" na "Muhammad", wakajua huyu ni mtu wa dini gani.

Ayuba akaandika barua kwa Kiarabu kwenda kwa baba yake. Barua ile haikufika Bundu. Ilifika London, mikononi mwa James Oglethorpe, mkubwa mmoja wa Kampuni ya Kifalme ya Afrika, kampuni ile ile iliyokuwa ikimiliki ngome ya kisiwani. Akaipeleka Oxford ikafasiriwa, kisha akatoa dhamana ya pauni 45 Ayuba akombolewe. Mwaka 1733 Ayuba akafika Uingereza. Huko akaandika nakala tatu za Qur'ani nzima kutoka kifuani. Akasaidia wasomi kusoma maandishi ya Kiarabu. Mchoraji William Hoare akamchora, na Ayuba akashikilia achorwe katika mavazi ya kwao. Mchoraji akasema hawezi kuchora vazi asilowahi kuliona. Ayuba akamuuliza, basi mbona wachoraji wenu wanathubutu kumchora Mungu ambaye hakuna aliyemuona? Picha ile, Qur'ani ikining'inia kifuani pake, ilinunuliwa na mamlaka ya makumbusho ya Qatar mwaka 2009.

Tarehe 8 Agosti 1734 Ayuba akashuka katika ngome ya kisiwani, ile ya James, akiwa mtu huru. Katika mamilioni waliovushwa, waliorudi nyumbani wanahesabika kwa vidole. Nani miongoni mwetu asiyejivunia mtu kama huyu? Mimi nilijivunia. Nilianza hata kutunga moyoni hotuba ya kumpelekea yule kijana: kwamba kisiwa kile kingeitwa kwa jina la Ayuba kingestahiki zaidi.

Kisha nikarudi kusoma sehemu niliyoipita haraka. Ayuba aliteremka kwenye mto kufanya nini?

Bluett ameeleza wazi, na alieleza kama alivyosikia kwa Ayuba mwenyewe. Baba yake alimtuma kuuza watumwa wawili, na kununua karatasi na mahitaji mengine. Akamwonya asivuke mto, kwa kuwa ng'ambo kulikuwa na maadui. Ayuba akafika kwa nahodha Pike, huyu huyu Pike, wakashindana bei. Ndipo akavuka mto pamoja na mkalimani wake, akawabadilisha wale wawili kwa ng'ombe. Alikuwa anarudi nyumbani na ng'ombe zake ndipo akakamatwa, akauzwa katika meli ile ile ambayo siku chache nyuma alitaka kuwauzia wengine.

Ndugu msomaji, simama hapo kidogo. Meli moja, nahodha mmoja, mto mmoja. Tofauti ni nani amefungwa kamba.

Katika maandishi ya Bluett tunalo jina la Ayuba, la baba yake, hata la mkalimani wake. Francis Moore, wakala wa kampuni aliyekuwa mtoni wakati ule naye akaandika kitabu chake, ametupa majina ya watu na vijiji. Majina ya wale wawili hayamo. Hatujui kama walikuwa wanaume au wanawake, wazee au vijana. Hatujui walitekwa vitani au walizaliwa nyumbani kwa mzee Suleiman wakimchotea maji ya udhu. Hatujui kama walisali. Tunajua tu kwamba walitoka Bundu na karatasi ilikuwa inahitajika, na inawezekana kabisa karatasi ile ilitakiwa kwa kuandikia elimu.

Yako majibu matatu ambayo ninayasikia kabla hamjayasema, maana niliyasema mwenyewe.

La kwanza ni kwamba utumwa wa kwetu haukuwa sawa na utumwa wa Marekani. Kuna ukweli mkubwa hapo, na mtu asitunyang'anye. Uislamu ulifunga milango ya kumtia mtu utumwani na ukafungua milango ya kumtoa. Kumwacha huru mtumwa ni kafara ya kuua kwa makosa, ni kafara ya kiapo, ni fungu katika mafungu manane ya zaka. Mtumwa wa Kiislamu aliweza kuwa jemadari, mwanachuoni, hata mtawala, na mtoto aliyezaliwa na bwana wake alikuwa huru. Shamba la tumbaku la Maryland halikuwa na habari hizo. Lakini jibu hili haliwafai wale wawili hata kidogo. Ayuba hakuwa akiwapeleka kwa bwana Muislamu atakayewalisha anachokula. Alianza kuwapeleka kwa Pike. Kama bei ingekubalika wangekwenda Maryland, na watu wa mto walijua kwamba waliopanda meli zile hawarudi. Tukisema utumwa wetu ulikuwa na huruma, tuseme pia kwamba huruma hiyo ilikuwa inaishia kwenye ngazi ya meli.

La pili ni kwamba ndio ulikuwa mtindo wa zama, tusiwahukumu wazee kwa macho ya leo. Nami ningelikubali kama zama zile zingekuwa kimya. Hazikuwa kimya. Ahmad Baba wa Timbuktu, ambaye yeye mwenyewe alichukuliwa mateka hadi Marrakesh, aliandika karibu mwaka 1615 kwamba weusi wa ngozi si sababu ya mtu kuwa mtumwa, na kwamba Muislamu huru hauziki. Upande wa mto Senegal, katika miaka ya 1670, Nasir al-Din na wafuasi wake waliwapiga vita watawala wakiwalaumu kwa kuwauza raia zao wenyewe. Almami Abdul Kader Kane, aliyeshika uongozi wa Futa Toro mwaka 1776, alikataza watu wake kuuzwa na akawabana Wafaransa wa Saint-Louis juu ya misafara ya mateka kupita katika nchi yake. Hawa si wanaharakati wa leo. Ni masheikh wenye vilemba, wa nchi jirani na kwao Ayuba, na hoja zao walizitoa kwenye dini. Sote tunaijua hadithi qudsi katika Bukhari juu ya watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, mmoja wao akiwa yule aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Nani aliyekuwa akiuliza pale mtoni kama aliyefungwa ni mtu huru au si huru? Ayuba mwenyewe alikuwa mtu huru. Wembe mmoja tu ulitosha kumgeuza mateka wa vita.

Hata hivyo lazima niseme jambo linalonisumbua. Hawa masheikh wetu wengi walisimama kidete kumtetea Muislamu asiuzwe. Asiye Muislamu aliyetekwa vitani walimweka katika mlango mwingine wa fiqhi. Sitaki kuwavunjia heshima, elimu yao ni bahari na mimi ni mtu wa kandoni. Lakini kijana yule aliponiambia "Kunta Kinte alikuwa Muislamu", nami nikafurahi, je, furaha yetu haikutoka katika mlango huo huo? Kama angekuwa mpagani, machozi yangekuwa machache? Dhulma ikipimwa kwa dini ya aliyedhulumiwa, basi ile aya ya Surat An-Nisaa inayotutaka tusimamishe uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hata kama ushahidi huo utatuangukia sisi wenyewe, wazazi wetu au jamaa zetu, tunaisoma kwa tajwidi tu.

Jibu la tatu ndilo zito zaidi, na ndilo linalosemwa kwa sauti ya chini. Kwamba tukiyasema haya tunawapa silaha maadui. Hapa nalazimika kuja nyumbani.

Kila mtalii anayeshuka Unguja hupelekwa Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Anaoneshwa vyumba vya chini, anaoneshwa zile sanamu zilizofungwa mnyororo shingoni, zilizowekwa mwaka 1998. Waislamu tumenung'unika miaka mingi juu ya namna habari ile inavyosimuliwa: mmisionari ndiye mkombozi, Mwarabu na Muislamu ndiye muovu, na mnunuzi kutoka Ulaya hayumo kabisa katika hadithi. Manung'uniko hayo yana haki. Mashamba ya miwa na kahawa katika visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi yalilimwa na watu waliotolewa Kilwa na Msumbiji, na mtalii haambiwi hilo ipasavyo. Mimi mwenyewe nimekuwa nikiutoa mfano huu katika mihadhara: mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka.

Nimeutoa mfano huo mara ngapi! Na kila mara nilikuwa nakata sentensi katikati. Mkataba una pande mbili. Aliyetia mkono upande wa pili alikuwa Sultani wa Kilwa, na Sultani wa Kilwa alikuwa akisali Ijumaa kama sisi.

Kwa hiyo silaha ya adui tayari ipo, na sisi ndio tunaomnolea kwa kukata sentensi. Kijana wetu anayeambiwa kwamba Waislamu hawakuwa na mkono kabisa, siku moja atafungua simu yake, atakuta mkataba wa Kilwa, atakuta habari za Tippu Tip, atakuta wale wawili wa Bundu. Siku hiyo hatatilia shaka historia. Atatutilia shaka sisi tuliomfundisha, na huenda akavuka hapo akatilia shaka na tuliyomfundisha juu ya Mola wake.

Turudi mtoni kidogo, kwa sababu habari ya Ayuba haikuishia kushuka kisiwani, na Moore ameiandika sehemu iliyobaki. Siku moja baada ya kurudi, Moore na Ayuba walikuwa wamekaa chini ya mti mkubwa, wakapita watu sita au saba. Walikuwa ndio wale wale waliomkamata. Ayuba, mtu mpole, akatetemeka, akataka kuwaendea kwa upanga na bastola. Moore akamshika, akamwambia akae awaulize maneno. Akawauliza habari za mfalme wao aliyemuuza. Wakamjibu kwamba mfalme alikufa: katika bidhaa alizopewa na Pike kulikuwa na bastola, akawa anaining'iniza shingoni, siku moja ikafyatuka ikampiga kooni. Walidhani bastola ile ilikuwa sehemu ya malipo ya Ayuba. Ayuba akaanguka chini akamshukuru Mungu kwa kumuua mtu yule kwa mali ile ile aliyomuuzia. Kisha akasema kwamba lau angekuwa hai angemsamehe, kwa kuwa bila ya kuuzwa asingejua Kiingereza wala asingepata aliyoyapata.

Baadaye akaletewa habari za nyumbani. Baba yake amekufa, lakini barua za kukombolewa kwake zilimfikia kabla ya mauti. Vita vimepita Bundu, hakukubaki hata ng'ombe mmoja. Mke wake mmoja ameolewa, na Ayuba akamsamehe pamoja na yule aliyemuoa, akisema walikuwa na haki ya kudhani amekufa, maana alikokwenda hakuna Mfulani aliyewahi kurudi. Akalia siku kadhaa. Hakika alikuwa mtu mwenye moyo.

Na mtu huyu mwenye moyo, katika safari hiyo hiyo, aliuza baadhi ya zawadi alizopewa London, akanunua farasi wawili na mjakazi.

Nimelisoma hilo mara nyingi nikitafuta udhuru. Alikuwa amefungwa pingu. Alikuwa amevushwa bahari katika tumbo la meli. Alikuwa ametupiwa mchanga usoni katika sala. Aliwaona watu wa mataifa mengine wakilia lugha asizozijua. Kama kuna mtu duniani aliyekuwa na nafasi ya kujua utumwa ni nini, ni yeye. Na hakuona. Au aliona kwamba kosa lilikuwa kumtia utumwani mtu kama yeye, msomi, mtoto wa watu. Waingereza nao waliona hivyo hivyo. Walimkomboa kwa sababu aliandika Kiarabu na alikuwa mwana wa mtu mkubwa, na kampuni ilitarajia kupitia kwake ipate biashara ya Bundu. Katika ngome ile ile alipopokelewa kwa heshima Agosti 1734, biashara haikusimama siku hata moja.

Simtaji Ayuba ili kumwangusha. Bado nampenda. Nataka tu tusimfanyie kumbukumbu ya uongo, kama tunavyowakataza Wakristo wasitufanyie. Kisiwa kile kina jina la mtu mmoja aliyeuzwa. Pale Albreda pana makumbusho, na pana sanamu ya mtu aliyekata minyororo. Wageni kutoka Marekani wanakuja, wanalia, wanapanda boti kwenda kisiwani. Wanayo haki ya kulia. Lakini mwenyeji aliyesimama ufukweni akiwaangalia, ambaye katika nchi ile zaidi ya tisa katika kila kumi ni Waislamu, yeye anatakiwa akumbuke nini? Babu yake huenda alikuwa aliyefungwa. Huenda alikuwa aliyefunga. Huenda alikuwa vyote viwili, kwa miezi tofauti, kama Ayuba.

Nimeuliza juu ya mwenyeji wa Gambia kwa sababu ni rahisi kuuliza juu ya mtu wa mbali. Sasa la kwangu.

Miaka kumi na kitu iliyopita ilikuja posa katika ukoo wetu, ya binti wa shangazi yangu. Kijana alikuwa mcha Mungu, mwenye kazi, amehifadhi juzuu kadhaa, na binti alimridhia. Tukakaa kikao cha wazee. Mmoja akasema kwa utaratibu kwamba ukoo wa kijana unajulikana, kwamba bibi yake alikuwa mzalia wa shamba la mtu fulani. Halikutajwa neno utumwa, lilitajwa neno kufu. Hakuna aliyeuliza shamba lile lilikuwa la nani, kwa sababu wote tulijua. Lilikuwa la babu yetu. Katika chumba kile nilikuwa mimi peke yangu niliyesoma fiqhi, na nilijua kwamba Mtume (S.A.W.) alimuozesha Zayd bin Haritha, mtumwa aliyeachwa huru, kwa Zaynab bint Jahsh, binti wa shangazi yake mwenyewe. Nilikuwa nimeisomesha habari hiyo wiki chache nyuma. Nikanyamaza. Posa ikarudishwa kwa maneno mazuri.

Bibi wa yule kijana alikuwa na jina. Wazee walilijua. Pale kikaoni aliitwa "mzalia" tu.

Nilipomaliza kusoma habari za Ayuba nilimwendea mjomba wangu, ambaye ndiye mkubwa aliyebaki katika waliokaa kikao kile. Nikampa shikamoo, nikakaa mkekani, nikamuuliza jina la yule bibi. Akanitazama sana. "Mwanangu," akasema, "mambo ya utumwa yameshapita zamani, unayafukulia nini?" Nikamwambia, "Kama yamepita mjomba, ile posa tuliirudisha kwa nini?"

Hakunijibu. Akamwita mjukuu wake alete kahawa. Tulipokwisha kunywa kikombe cha pili, akiwa bado anatazama nje mlangoni, akanitajia jina. Sikuliandika hapa, kwa kuwa wenyewe wapo na hawajaniruhusu. Ijumaa, inshallah, nitakwenda kwao kuomba ruhusa hiyo, na kuomba na lile jingine.